Mwenyekiti wa Mafuta Yasiyoganda

Ukitaka kujua alizaliwa wapi na babu yake alikuwa nani, kawaulize wanaoandika wasifu wa marehemu. Huyu ni mzima, anakula anashiba, na mimi sina hamu ya kumpamba. Ninachojua ni kwamba kwa miaka mingi tulitenganishwa na ukuta mmoja wa tofali huku Miyuji, Dodoma, na mtaa mzima tulimwita Mwenyekiti, kwa sababu alikuwa mwenyekiti wa umoja wa wakamuaji wa alizeti kule Kizota. Mke wake alimwita Mwenyekiti. Watoto wake walimwita Mwenyekiti. Nadhani hata kwenye sala zake alijitambulisha hivyo, Mungu asije akamchanganya na watu wengine.

Na alinuka mashudu. Yale makapi yanayobaki mbegu ikishakamuliwa, tunayowapa kuku na ng'ombe, yana harufu tamu ya kuungua kidogo, na harufu hiyo ilikuwa imemwingia kwenye koti, kwenye kofia, mpaka kwenye noti alizonipa dukani. Zamani niliipenda. Niliona ni harufu ya mtu anayefanya kazi. Siku hizi nikiisikia natema mate, na wateja wanadhani nimepata mimba uzeeni.

Nina duka dogo. Mbele yake pana benchi, na benchi hilo lilikuwa kanisa lake. Kila jioni akitoka Kizota alikaa pale, akavua kofia, akasubiri mtu aje kununua mafuta. Maskini ya Mungu, mtu amekuja na kichupa chake apimiwe ya kukaangia dagaa, anaondoka amepewa somo zima la uchumi.

"Mama, unajua hayo unayonunua yametoka wapi? Yamekuja na meli! Nchi inaota alizeti mpaka kwenye makaburi, halafu tunakaangia mafuta ya meli! Wawekeeni ushuru hao! Ushuru mkubwa! Mzigo ukae huko bandarini ujifikirie kama kweli unataka kuja huku."

Jirani mmoja, mama mkali mwenye watoto wengi, alimjibu siku moja, "Mwenyekiti, mimi sijui ushuru, najua sufuria. Hayo ya meli ni rahisi. Yako ni ghali. Ukinipunguzia, hata sasa hivi nakuwa mzalendo."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa na jibu, na lilikuwa jibu zuri, siwezi kusema uongo. "Leo ni rahisi," alimwambia. "Mashine zetu zikifa zote, nani atakayempangia bei huyo wa meli? Utamfuata huko huko kwao ukamlilie?"

Mpangaji wangu, kijana wa ofisi moja ya serikali ambaye sote tulimwita Afisa, alikuwa akipita pale na mkoba wake na kumchokoza. "Shikamoo Mwenyekiti. Mkilindwa mtabweteka, mzee wangu. Soko likiwa huria, anayezembea anakufa, anayejitahidi anaishi, na mlaji ananufaika."

"Marahaba. Mlaji ni nani?" Mwenyekiti aling'aka. "Mkulima wa Kongwa si mlaji? Anakula nini kama hana wa kumuuzia?"

Wakikamatana hapo, mpaka nafunga duka. Na usidhani Afisa alikuwa na msimamo kuliko mwenzake. Mwaka ambao wakubwa wake walisema ushuru ushushwe, aliimba soko huria. Wakubwa walipogeuka wakasema viwanda vya ndani vilindwe, alikaa kwenye benchi lile lile akaimba kulinda, tena bila kumeza mate. Wote wawili nimewasikiliza mpaka masikio yameota sugu.

Lakini kitu kilichomfanya Mwenyekiti ajulikane mkoa mzima kilikuwa kipimo cha dirishani. Hakukibuni yeye. Wanawake wa huku wanajua tangu zamani kwamba mafuta ya mawese yanayotoka nje yakipigwa na baridi yanaganda, na ya alizeti hayagandi. Yeye alikifanya kuwa dini. Kila mkutano wa wakulima alisimama akawaamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi!", wakaitikia, kisha akainua chupa juu.

"Alizeti?"

"Haigandi!"

"Alizeti?"

"Haigandi!"

Halafu alifundisha. Mwezi wa Julai, upepo wa Kongwa unapokata masikio, weka chupa yako dirishani ulale. Asubuhi itazame. Ukiona utando mwembamba chini kama vumbi, usiogope, hiyo ni nta ya alizeti yenyewe. Ukiona weupe umekaa kama uji uliolala, umeibiwa, mchukue aliyekuuzia umpeleke kwa mtendaji. Alisema hivyo kwa wazee, kwa wanafunzi, hata kwenye sherehe za harusi ambako hakuna aliyemwuliza. Ikawa desturi. Ukipita vijijini kule Julai asubuhi, kila dirisha lina chupa, na kina mama wanachungulia chupa kabla hawajachungulia watoto.

Dada yangu mkubwa alikuwa mfuasi wake wa kwanza. Dada anakaa kijiji kimoja huko Kongwa, mjane, ana shamba aliloachiwa na mumewe, na maisha yake yote alipanda uwele na mtama kama mama yetu. Mwenyekiti nilimkutanisha naye mimi mwenyewe, dada alipokuja mjini kunisalimia. Alimwangalia dada yangu kama mchungaji anavyomwangalia mtu aliyechelewa kubatizwa.

"Uwele wa nini, mama? Panda alizeti shamba lote. Uwele utanunua gengeni. Ushuru wa mafuta ya nje umepanda, mimi nakukamulia, sitaacha hata punje yako barabarani."

Dada alicheka kidogo. "Mwenyekiti, sisi watu wa Kongwa tumezoea wanaokuja na maneno ya mafuta. Waingereza walikuja na matrekta na karanga zao. Karanga hatukuziona, vyuma tumevirithi."

"Wale walikuwa wageni," Mwenyekiti alisema. "Mimi ni wa hapa hapa."

Basi akapanda. Mgogo kuacha uwele kabisa, shamba lote, ujue ameamini. Na mwaka wa kwanza, haki ya Mungu, Mwenyekiti alitimiza. Alikuja na lori lake mwenyewe, akanunua kwa bei nzuri, hakudai lumbesa kama wale walanguzi wanaotaka gunia lijazwe mpaka litoke kichuguu. Dada aliezeka nyumba bati jipya. Nilimbusu Mwenyekiti mkono siku ile. Nikikumbuka, natamani kuuosha mdomo.

Alikuwa na wema wake, hilo simnyang'anyi. Penye msiba, kabla turubai halijafungwa, utamwona anaingia na dumu la mafuta begani, analiweka jikoni kwa wapishi, anaondoka bila hotuba. Ni mahali pekee alipojua kunyamaza. Mashine ya mwenzake ikikwama, alivua koti akalala chini kwenye grisi, hata kama mwenzake huyo alimsema vibaya juzi. Na alikuwa na mdomo wa vichekesho. Alisema mbunge anayesifia viwanda vya ndani huku amevaa suti ya nje ni sawa na padri anayefungisha ndoa huku anamkonyeza bibi harusi.

Lakini yeye mwenyewe! Mashine zake za kukamulia zilitoka China. Viti alivyokodisha kwenye mikutano ya "tununue cha kwetu" vilitoka huko huko. Hayo namsamehe, mashine hatutengenezi. Nisichomsamehe nilikiona jikoni kwake, siku ya kipaimara cha mjukuu wake, nilipokwenda kuwasaidia kukaanga. Nyuma ya mlango, chini ya kanga iliyokunjwa, kulikuwa na ndoo ya njano ya mafuta ya nje. Mke wake aliniona nimeduwaa.

"Usimwambie mtu, jirani. Haya ya kwetu yanapanda povu, maandazi hayapendezi."

"Mwenyewe anajua?"

"Nani alinunua?" akasema, na akaendelea kugeuza maandazi.

Baadaye nilimwona Mwenyekiti amekaa mbele ya wageni, andazi mkononi, anawaeleza ubaya wa mafuta ya meli. Alikula matatu. Kisebusebu na kiroho papo! Nilicheka siku ile, nikajisemea, ah, mwanaume na tumbo lake. Nilidhani unafiki wake unaishia tumboni.

Kisha mafuta yakapanda bei nchi nzima. Unakumbuka hali ilivyokuwa. Mama mkali wa jirani alikuwa anapima mafuta kwa kifuniko. Watu wakalia, magazeti yakalia, na wakubwa wakaamua kushusha ushuru ili mafuta ya nje yaingie kwa wingi. Yaliingia. Yalijaa kila duka, na langu pia, kwa sababu mimi nauza wanachotaka watu. Bei ya alizeti ikaporomoka. Kizota kukawa kimya. Mashine ya Mwenyekiti ikasimama, vibarua wakarudi makwao, na magunia ya dada yangu yakabaki ndani, yamepangwa mpaka usawa wa dirisha.

Siku hizo alikaa kwenye benchi langu hahubiri. Alishika kofia tu. Jioni moja nilimletea chai, nikaona machozi yanamtiririka, mzee mzima, hata hayafuti. "Jirani," akaniambia, "nimewaambia watu wapande. Nitawatazama vipi usoni?" Nami nililia naye. Nasisitiza, nililia naye, machozi ya kweli. Ndiyo maana nina hasira hivi. Mtu ambaye hujawahi kulia naye hawezi kukutia kinyaa cha namna hii.

Alipigana. Alikwenda kusimama kwenye korido za waheshimiwa hapa mjini na chupa zake na picha za mashamba. Picha moja ilikuwa ya dada yangu, amesimama kati ya alizeti zimemzidi urefu, anatabasamu kama mtoto. Aliwaambia, mtazameni mama huyu, mmemuua. Na bajeti iliyofuata iliposomwa, ushuru ukarudishwa juu. Benchi langu siku ile lilikuwa harusi. Afisa alinunua soda kwa watu wote, akasema tangu mwanzo alikuwa upande wetu. Nilimpigia dada simu, nikapiga kigelegele humo humo kwenye simu.

"Atakuja lini kuchukua magunia?" dada akauliza.

"Wiki hii, dada. Jiandae."

Wiki ikapita. Mwezi ukapita. Nikimwuliza, mara umeme, mara kipuri hakijafika, mara barabara. Lakini Kizota nilikuwa naona kwa macho yangu: geti lake linafunguliwa, malori yanaingia, chupa zinatoka zimepangwa vizuri, zina picha ya ua kubwa la njano na maneno ALIZETI HALISI YA DODOMA. Bei juu, kwa sababu ya nje sasa ni ghali. Nami nikaziuza. Nilijiuliza tu, kwa nini geti lile siku hizi halina harufu ya mashudu? Yeye mwenyewe alikuwa ameanza kunuka sabuni.

Julai iliyofuata nilikwenda Kongwa kumsaidia dada kupepeta. Panya walikuwa wameingia kwenye magunia. Tulikuta nusu ni maganda matupu, wamekula kiini wakatuachia sisi ganda, kwa utaratibu kabisa. Dada alikuwa anapepeta tu kwenye ungo, na upepo unampiga.

Mchana wa siku ile gari likaja. Mwenyekiti huyo, na kofia mpya, na maboksi ya mafuta. Akaitisha mkutano shuleni. Mbukwenyi, mbukwenyi. Akasema amekuja kuwashukuru wakulima kwa ushindi wa ushuru, na kila kaya itapata chupa moja ya zawadi na mbegu za kupanda, na msimu ujao kila mtu apande alizeti, shamba lote. Magunia? Atayashughulikia. Watu wakachukua chupa zao. "Alizeti?" akapaza sauti. "Haigandi!" wakaitikia. Akaenda kulala Kongwa mjini, akaahidi kwamba asubuhi kabla ya kurudi Dodoma atapita kwa dada kunywa chai.

Kosa lake ni kwamba alitufundisha vizuri mno. Hakuna aliyewaambia watu waweke chupa dirishani. Julai ni Julai. Waliweka kama mtu anavyofunga mlango.

Asubuhi dada aliniamsha kwa kunivuta shuka. "Njoo uone, mdogo wangu." Baridi ilikuwa kali, pumzi inaonekana. Chupa ya dirishani ilikuwa nyeupe zaidi ya nusu. Haikuwa vumbi, wala utando. Ulikuwa uji uliolala. Nilitoka nje nikatazama dirisha la jirani, na la jirani wa jirani. Nyeupe, nyeupe, nyeupe, na ua la njano juu yake linacheka.

Mwenyekiti alikuja jua lilipoanza kuchomoza, akapita katikati ya madirisha hayo yote. Sijui kama aliyaona. Dada akamwamkia, "Shikamoo Mwenyekiti." Mimi mdomo ulikataa. Dada akanikata jicho, maana kwake shikamoo ni ya umri, si ya tabia, lakini mdomo ukakataa kabisa. Akamwekea kiti, akammiminia chai, kisha akachukua chupa dirishani akaiweka mezani mbele yake, taratibu, kama anamwekea sukari.

Aliitazama. "Baridi ya mwaka huu imezidi, mama," akasema. "Hiyo ni nta."

"Nta ni kama vumbi," dada akajibu. "Wewe ndiye uliyesema."

Sasa sikia alichofanya. Hakukana tena. Aliinua ile chupa, akafungua koti, akaibana kwapani, akafunga koti. Akaendelea kunywa chai. Na akaanza kuzungumza habari za viwanda vya ndani! Alieleza ajira, alieleza fedha za kigeni, alieleza vijana wa Kizota, na mkono mmoja umebana kwapa, mwingine unashika kikombe. Tulimtazama mpaka chai ikaisha. Akaongezewa. Alipomaliza ya pili akaitoa chupa, akaifuta kwa kiganja, akaiweka mezani. Ilikuwa karibu safi.

"Haya, tazameni wenyewe," akasema.

Dada aliitazama kwa makini. "Kwa hiyo, Mwenyekiti, tukitaka kukaanga tuanzie kwapani?"

Mimi nilipasuka kwa kicheko, kicheko kibaya, cha kuumiza. Yeye akaweka kikombe chini, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akasema bila hotuba.

"Mama, nisikilize. Kukamua mbegu zenu ni gharama. Yale ya nje niliyaingiza yakiwa bado rahisi, ghala zima. Ushuru ulipopanda, bei ikapanda. Ningefanya nini, niyamwage?"

"Na magunia yangu?"

"Yatafika zamu yake."

"Sasa kama hukamui, kwa nini unataka tupande?"

Akajibu, na nadhani hata hakujua anajibu kitu gani. "Wakubwa wakija wakakuta mashamba hayana alizeti, ushuru watauondoa."

Basi! Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya dada yangu katika uchumi wa taifa. Alikuwa wa kupigwa picha. Alizeti zake zisimame shambani zionekane, mwenye ghala apate bei yake, na panya wapate kiini. Nilitaka kumwambia neno chafu, nalijua, lilikuwa limefika kwenye meno. Dada akanitangulia.

"Msimu ujao napanda uwele."

"Uwele kiasi gani?"

"Shamba lote. Uwele nikikosa mnunuzi, naula."

"Na mbegu nilizowaletea?"

Dada akaelekeza mdomo nje. Kuku walikuwa wamezizunguka chini, wanadonoa bila haraka.

Mwenyekiti alisimama. Alivaa kofia yake. Akatazama chupa pale mezani, akatazama mlango, na jamani, mimi nimeona mengi, nimeona watu wakiiba sadaka, lakini hili sikulitegemea: aliichukua. Zawadi yake mwenyewe. Akairudisha kwapani, akatoka.

Nje kina mama walikuwa wamesimama kwenye milango yao, kila mmoja na chupa yake nyeupe mkononi. Alipita katikati yao kuelekea kwenye gari. Dada akatoka mpaka kizingitini, akaweka mikono kiunoni, akapaza sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake tangu tuko wadogo.

"Alizeti?"

"Haigandi!" ikajibu njia nzima.

Mwenyekiti hakugeuka. Alibana tu kwapa lake vizuri, chupa isianguke.